Kadi mpya kwenye kompyuta ya zamani: dola 300 ziende wapi?

Studio nyingi ndogo za video za harusi hapa Lubumbashi zinafanyia kazi kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, kwa mfano, yenye prosesa ya Core i7-4790 ya mwaka 2014. Mwenye studio akipata dola 300, aongeze kadi ya grafiki au atafute mashine nyingine? Kwa mtu wa video, nasema kadi kwanza.

Simu na kamera nyingi za sasa hurekodi kwa H.265, mfumo wa kubana video. Hiyo i7 haina sehemu maalumu ya kufungua video za aina hiyo, hivyo inazikokotoa kwa nguvu zake zote na picha zinakwamakwama unapokata. Kadi ya RTX 4060, iliyotoka Juni 2023, inazifungua yenyewe na kukutolea filamu iliyokamilika bila kuichosha prosesa. Ila uliza kwanza kamera yako inarekodi nini. Ikiwa ni 4:2:2 ya biti 10, yaani video inayohifadhi rangi kwa undani zaidi, RTX 4060 haiifungui; RTX 5060 ya Mei 2025 inaifungua. Zote mbili zilitangazwa Marekani kwa dola 299. Hadi zivuke mpaka wa Kasumbalesa kuna usafiri, ushuru na kodi ya TVA ya 16% juu yake.

Sasa fungua sanduku la kompyuta lenyewe, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, na plagi inayoingia kwenye bodi si ya kawaida. Pawa saplai ya dukani haikubali bila adapta. RTX 4060 inataka wati 115 na waya wake wa umeme, RTX 5060 wati 145. Kwa mashine hiyo ningechukua RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024. Inatumia wati 70 tu, yote kutoka kwenye bodi, na H.265 ya kawaida inaifungua vizuri. Bei yake ni ndogo kuliko hizo mbili. Umeme wa SNEL unapokatika na studio ikabaki kwenye betri, tofauti ya wati 70 na 145 utaiona kabla video ya harusi haijamaliza kukatwa. Kama sanduku ni jembamba, tafuta toleo la kadi lenye kimo kifupi.

Mchezaji wa gemu ana hesabu nyingine. Prosesa huandaa kila fremu, kadi huichora. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 kadi yenye nguvu inamaliza mapema na kungoja. Punguza ukubwa wa picha ndani ya gemu: fremu zisipoongezeka, prosesa ndiyo inayochelewesha, na kadi ya ghali haitakusaidia. Mtu huyo anunue prosesa ya Ryzen 5 5600, bodi ya AM4 na RAM ya DDR4, abaki na kadi yake kwa muda. Mwenye Ryzen ya 2017 ana nafuu zaidi, kwa kuwa bodi nyingi za wakati ule zinaipokea 5600 baada ya kusasisha BIOS.

Kadi ya Intel Arc B580 inavutia sana: ina GB 12 na ilitangazwa kwa dola 249. Simshauri mwenye mashine ya zamani aiguse. Inahitaji Resizable BAR (njia ya prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja), ambayo kompyuta hizi za ofisi hazina, na vipimo vya mwanzoni mwa 2025 vilionyesha inapungua kasi hata kwenye prosesa zilizo nayo ila zimezeeka kidogo.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi i7-4790. Mashine hiyo itabadilishwa tu. Kwa hiyo beba sanduku lako hadi dukani, kadi ijaribiwe humo ikiwa inatoa video ndefu, na risiti iandikwe jina kamili la kadi pamoja na muda wa dhamana, kwani kadi hiyo utaihamishia kwenye kompyuta inayofuata.