Taa za Krismasi: sola na umeme wa soketi usivichanganye

Uko Mwese, kule milimani Katavi, na Krismasi hii unataka kupamba nyumba kwa taa za sola pamoja na zile za kuchomeka ukutani? Soma hapa kwanza.

Sola ya nyumbani kwa kawaida hutoa volti 12 za DC, soketi ina volti 230 za AC. Ukiziunganisha kwenye kontrola moja utaona moshi, na hapo bado hatujamtaja mtoto anayegusa waya.

Hata taa za mkanda hazifanani. Mkanda wa nyaya nne hubadilisha rangi wote kwa pamoja. Wa nyaya tatu una chipu kwenye kila taa na waya mmoja wa data, na mara nyingi ni wa volti 5: ukiupa 12, umeungua. Usidanganyike kwamba plagi imeingia, wengi wanaliwa hapo.

Cha kufanya: kila mkanda ubaki na kontrola na chanzo chake. Unachounganisha ni muda tu. Washa zote saa moja jioni, chagua rangi moja, na mpita njia hatajua kama ni mifumo mitatu. Betri ya sola ikiisha usiku, za soketi zinaendelea kuwaka.