Kanda Zilizonasa Maongezi ya Waingereza

Sogeeni vijana. Leo sisimulii habari za sungura na fisi. Nasimulia habari za watu waliotembea na vinasa sauti ili ijulikane binadamu huongeaje pale ambapo hakupanga kuongea.

Ilikuwa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walichaguliwa watu 124 wa kujitolea kutoka pande mbalimbali za nchi: wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wenye nacho na makabwela. Kila mmoja akapewa Walkman, ile redio kaseti ndogo ya mfukoni, akaombwa arekodi maongezi yake yote kwa siku kadhaa. Akapewa na daftari, aandike tarehe, mahali, na alikuwa akiongea na nani, mwenye umri gani, afanyaye kazi gani. Daftari hilo msilidharau. Sauti peke yake hukupa lugha. Ukishajua ni sauti ya nani, hapo ndipo unaanza kuiona jamii.

Kwa nini watu 124 tu, na nchi ina mamilioni? Mpishi huonja kijiko kimoja cha mchuzi akajua chumvi imekolea, ila kwanza hukoroga sufuria nzima. Kuchagua watu wa kila rika, kila eneo na kila hali ya maisha ndiko kukoroga kwenyewe. Wangerekodi maprofesa watupu, hata kwa miaka kumi, wangepata habari za maprofesa tu.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, huko Norway, walifanya kazi ya namna hiyo kwa vijana wa London wenye miaka 13 hadi 17. Wakapata kama maneno nusu milioni ya soga za wanafunzi, na soga hizo nazo zikaingia katika mkusanyiko mmoja na maongezi ya wale watu 124.

Halafu ikaja kazi ya subira. Watu walikaa wakasikiliza kanda na kuchapa neno kwa neno, pamoja na kusitasita, vicheko na sentensi zilizokatwa katikati. Yakaongezwa maongezi ya mikutano na ya redioni, yakafika maneno milioni 10. Yakaongezwa maandishi ya vitabu, magazeti na barua, maneno milioni 90. Mwaka 1994 hazina hiyo ikakamilika, ikaitwa British National Corpus. Wanaisimu huita hazina ya aina hii korpasi. Mtu akisoma neno moja kila sekunde, bila kula wala kulala, atahitaji zaidi ya miaka mitatu kumaliza maneno yote milioni 100. Kompyuta huyapitia kwa muda mfupi tu.

Basi kompyuta ikaona nini? Mwaka 1997 Paul Rayson, Geoffrey Leech na Mary Hodges walitoa hesabu zao juu ya yale maongezi ya kila siku. Wanawake walitumia zaidi viwakilishi vya watu, hasa kile cha kumtaja mwanamke mwingine, na majina ya watu. Wanaume walitaja tarakimu zaidi, na walitukana zaidi. Msiiache habari hii iwadanganye. Hakuna aliyesema kila mwanamke huongea hivi na kila mwanamume vile. Ni wastani wa watu wengi, na wastani haukuambii jirani yako atasema nini kesho asubuhi.

Mimi hupenda zaidi kisa cha vijana wa London. Walikuwa na kineno kimoja, "innit", wakikibandika mwisho wa sentensi za kila namna, mtendaji awe mimi, wewe au wao. Kilisikika hasa kwa vijana wa familia zilizotoka nchi nyingine. Ninyi mnaozungumza Sheng mnajua wakubwa husemaje wakisikia mambo kama hayo: lugha imeharibika! Mtafiti Gisle Andersen alichambua maongezi yale akaonyesha kwamba kineno hicho kina utaratibu wake na kazi zake katika maongezi. Ushahidi wa kanda uliwapa vijana heshima ambayo masikio ya wakubwa yaliwanyima.

Miaka ikapita. Kati ya 2012 na 2016 Chuo Kikuu cha Lancaster na Cambridge University Press wakarekodi upya, safari hii kwa simu za mkononi. Watu 668 walisikika, maneno yakapita milioni 11. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 2014. Neno "marvellous", la kusifia kitu kizuri, zamani lilitokea mara 155 katika kila maneno milioni moja. Katika rekodi mpya, mara 2 tu. Mbona wanahesabu kwa kila milioni? Kwa sababu mikusanyiko miwili isiyolingana ukubwa hailinganishwi kwa idadi tupu.

Neno jingine lililofifia lilikuwa "Walkman". Utasema chombo chenyewe kimepitwa na wakati, na ni kweli. Lakini kumbukeni kwamba wale wa zamani walikuwa wanarekodiwa kwa Walkman hiyohiyo! Huenda waliitaja mara nyingi kwa kuwa walikuwa nayo mfukoni. Mtafiti makini huuliza hivyo kabla hajashangilia tarakimu.

Kuna jambo lingine lililobadilika, nalo naliona kubwa kuliko yote. Zamani mara nyingi aliyejua kwamba kanda inazunguka ni mwenye Walkman peke yake. Wenzake waliambiwa baadaye, na asiyeridhika, rekodi ilifutwa. Safari ya pili kila mzungumzaji aliombwa idhini kwanza. Hivyo ndivyo inavyostahili. Maneno ya mtu ni sehemu ya utu wake, hayachukuliwi kimyakimya.

Na Kiswahili chetu? Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kwa juhudi za Arvi Hurskainen aliyefanya utafiti Tanzania kwa miaka mingi, kina korpasi ya Kiswahili yenye maneno milioni 25. Sehemu kubwa ni magazeti, vitabu na taarifa za Bunge. Ni hazina ya thamani, tena nashukuru ipo. Lakini mwandishi wa habari na mbunge wanapoongea huchagua maneno. Maongezi ya kwenye daladala, kijiweni, sokoni Kariakoo, Lubumbashi au Mombasa hayajapata nafasi inayoyastahili.

Vijana, someni hisabati na isimu pamoja, msikubali kuambiwa mchague moja. Kisha mkayakusanye maongezi hayo, kwa idhini ya wenyewe, na daftari mkononi.