Kompyuta Isiachiwe Mipaka ya Mashamba Yetu

Tangu mfumo wa Ardhisasa uzinduliwe mwaka 2021, rekodi za ardhi nchini zimekuwa zikihamishiwa kwenye kompyuta. Hatua hiyo siipingi. Ninachohofia ni imani kwamba shamba likishachorwa na mashine, ubishi umekwisha.

Vijana wetu waliosomea lugha ya kompyuta iitwayo Python huweza, kwa mistari michache na msaada wa programu ya Shapely, kuorodhesha koodinati za pembe za shamba na kupata eneo lake papo hapo. Kazi hii ina mitego. Programu hiyo hutaka longitudo itangulie, latitudo ifuate, kinyume cha mazoea ya wengi wetu. Zigeuze zile za Nairobi, yaani 36.82 na -1.29, na jiji zima litazama katika Bahari ya Mediterania, baina ya Uhispania na Algeria! Kosa hilo, angalau, huonekana upesi.

La hatari ni lile lisiloonekana. Shamba la mraba lenye mita 100 kila upande ni hekta moja. Pembe zake zikiorodheshwa bila kufuata mzunguko wa mpaka, mistari hukatana katikati na eneo linalotolewa ni sufuri. Sufuri itamshtua yeyote. Lakini shamba lenye pembe kumi na mbili likikosewa hivyo laweza kupungukiwa na robo ekari tu, na nani atagundua? Shapely hukagua uhalali wa umbo ikiulizwa, isipoulizwa, hunyamaza.

Isitoshe, ramani nyingi za upimaji nchini zilijengwa juu ya msingi wa Arc 1960, ilhali simu zetu hupokea vipimo vya setilaiti kwa msingi wa WGS 84. Namba zilezile zikisomwa kwa msingi usio wake, shamba huhama kwa takriban mita 300. Umbo ni lile lile, ekari ni zile zile. Aliyebadilika ni jirani.

Kwa hivyo, kila ramani itokayo kwenye mashine na itaje msingi wa vipimo vyake. Naye mwenye shamba aitwe pamoja na jirani zake, waizunguke mipaka kwa miguu, ramani mkononi, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.