Ndondo ya mteremko: Kabla ya kombe, breki kwanza

MDAU wa soka, kuna mchezo ambao hauna kona, hauna dakika za nyongeza na hauna refa wa kumzonga. Mchezaji anapanda kileleni na baiskeli yake, anahesabiwa tano, nne, tatu, anaachiwa. Dakika tatu au nne baadaye yuko chini, kafika mwenyewe au kaokotwa njiani. Kwisha habari.

Hizo ndizo mbio za baiskeli za mteremko. Njia yake ni mlima: mawe, mizizi, vumbi, kona kali na sehemu za kuruka. Watu hawatoki kwa mkupuo kama daladala zinazogombea abiria. Wanaachiwa mmoja mmoja, saa inahesabu, na mwenye muda mfupi zaidi ndiye bingwa. Ubingwa wa dunia ulianza 1990 mjini Durango, Marekani. Olimpiki mchezo huu haupo mpaka leo. Mbio za baiskeli za milimani zilizoingia Atlanta 1996 ni zile za kuzunguka, kupanda na kushuka.

Wazee wa soka mtauliza, sisi inatuhusu nini? Twende Buigiri.

BAISKELI IPO, BREKI JE?

Buigiri iko wilayani Chamwino, kwenye barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, na wengi wanaijua kwa shule yake ya wasioona. Ukanda huu wa Ugogo baiskeli ni mfanyakazi. Inabeba madumu ya maji, mkaa, kuni na abiria juu. Kijana anayeshusha Phoenix yenye madumu kwenye njia iliyochimbwa makorongo na mvua, huyo mizani anaijua. Hajafundishwa na kocha, kafundishwa na njaa.

Shida ni kwamba baiskeli nyingi za mtaani breki zake zilishakufa zamani. Jamaa anasimamisha kwa kandambili, anaukandamiza mguu kwenye tairi. Kwenye tambarare inasaidia. Kwenye mteremko wenye changarawe, ndala inakatika, mguu unachubuka na baiskeli ndiyo kwanza inachanganya.

Na hapa ndipo watu wanapouelewa vibaya mchezo huu. Wanadhani anayeshinda ni yule asiyeshika breki. Sivyo. Anayeshinda ni anayejua aishike wapi. Unapunguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, halafu unaiachia baiskeli ipite. Ukishika breki ya mbele katikati ya kona yenye mchanga, tairi linateleza na wewe unakula ardhi. Unasimama juu ya pedali, zote zikiwa usawa mmoja, makalio nyuma ya kiti, kidole kimoja kwenye kila breki, macho mbali. Ukiliangalia jiwe, utaligonga jiwe.

MWAFRIKA ALIYETISHA DUNIA

Kama kuna anayedhani huu ni mchezo wa Wazungu wa Ulaya tu, amtafute Greg Minnaar wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Jamaa ana ubingwa wa dunia mara nne: 2003, 2012, 2013 na 2021. Ule wa 2013 aliuchukua nyumbani kwao Pietermaritzburg, akamaliza na pancha tairi la nyuma, na bado akashinda kwa chini ya nusu sekunde. Ni sawa na bao la dakika ya 90 huku beki wako anachechemea.

Karibu na sisi yupo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Alinolewa na David Kinjah kule Kikuyu, akiwa bado kijana, wakipita njia za vumbi kwa baiskeli za milimani. Ndiye huyo aliyebeba Tour de France mara nne. Mwaka 2016 alichomoka kwenye mteremko wa Peyresourde, akakaa juu ya bomba la fremu huku akipiga pedali, akashinda hatua hiyo na kuvaa jezi ya njano. Wenzake walimsubiri kwenye kupanda, yeye akawamaliza kwenye kushuka.

Lakini ni Froome huyohuyo ambaye Juni 2019, akiwa anakagua tu njia ya mashindano, aligonga ukuta akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Alikuwa na helmeti, timu, madaktari na helikopta. Hakurudi tena kwenye ubora wake.

Mtu wa ridhaa hana hivyo vyote. Jumamosi anashindana, Jumatatu anatakiwa kazini. Bega likitoka, hakuna klabu inayolipa mshahara. Anayebeba madumu kwa baiskeli akivunjika mkono, nyumbani maji hayaji.

INAWEZEKANA, ILA KWA UTARATIBU

Jirani zetu Kenya wameonyesha njia. Mlima Kenya kuna mashindano yanaitwa 10to4, yaliyoanzishwa kuchangia uhifadhi wa mlima. Jina lenyewe linaeleza: unaanzia karibu futi 10,000 unamalizia karibu futi 4,000. Kuna wakali na kuna watu wa kawaida kabisa wanaotaka tu kufika.

Sisi tuna ndondo. Soka la mtaani halikusubiri uwanja wa nyasi bandia, lilianza na vumbi na mpira mmoja. Ndondo ya mteremko nayo haihitaji baiskeli ya shokapu mbili yenye bei ya kuzidi bodaboda mpya. Inahitaji kilima, na vilima vya mawe Dodoma vimejaa. Saa ni simu mbili, mmoja juu mmoja chini.

Ila kabla hujatangaza mbuzi wa zawadi, kagua mambo manne. Baiskeli isiyo na breki mbili zinazoshika haipandi kileleni. Kichwa kisicho na helmeti hakiachiwi, hata kama helmeti ni moja na inazungushwa. Kila kona asimame mtu mwenye kitambaa chekundu, na mwingine asiachiwe mpaka aliyetangulia avuke. Na gari la kukimbiza majeruhi liwepo chini, dereva akiwa ndani, siyo kwenye kijiwe cha kahawa. Siku moja kabla, wote washuke njia kwa miguu wakiangalia mawe.

CHABATA, chama cha mchezo wa baiskeli nchini, kikikaa na watu wa Chamwino kwa hayo manne, gharama yake haifiki usajili wa straika mmoja wa kukaa benchi.

Vijana watashuka tu, tuwaandalie tusiwaandalie. Tofauti ni kama chini watamkuta mwenye saa au mwenye machela.