Mafuta ya Wagonjwa na Kuni za Jirani

Pikipiki ya padre ina mlio wake. Mahongole, hapa Makambako, hata watoto huitambua kati ya bodaboda zote zinazotoka mjini, na ikisimama kwenye uwanja wa mtu siku isiyo ya Misa, majirani huangaliana.

Siku hiyo nilikuwa nimeandamana na padre kwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa wiki ya tatu kitandani. Alikuwa ametoka hospitali na nimonia iliyokataa kuisha. "Tumsifu Yesu Kristo," padre akabisha. "Milele amina," sauti ikajibu kutoka ndani, nyembamba lakini ya mtu mwenye akili zake. Katekista alikuwa ameshatandika kitambaa cheupe juu ya stuli, na mshumaa ulikuwa unahangaika na upepo wa mlangoni. Kabla padre hajafungua kichupa chake cha mafuta, jirani akaingia uani na mzigo wa kuni kichwani, na nyuma yake mwingine na ndoo ya unga. Msibani kuni hazingoji kuitwa. Bibi alichungulia nje, akauliza, "Hizo kuni za nini?" Hakuna aliyejibu. Padre ndiye aliyeanza kucheka, nasi tukapata ruhusa.

Kazi yangu ni kufundisha makatekista, na sijaona sakramenti inayoogopwa kama Mpako wa Wagonjwa. Ndugu wa mgonjwa hungoja mpaka pumzi zianze kuhesabika ndipo wapige simu parokiani. Wakiulizwa kwa nini wamechelewa, husema hawakutaka kumtisha mgonjwa. Kwa hiyo sakramenti iliyowekwa kwa ajili ya mgonjwa humfikia mtu ambaye hasikii tena, hawezi kuungama wala kupokea Komunyo, na padre akiondoka, kifo kikafuata, kijiji hupata ushahidi mwingine kwamba mafuta yale yanaua.

Woga huo una historia, na kwa sehemu kubwa tuliutengeneza sisi wenyewe Wakatoliki. Wazee wetu walifundishwa kuiita sakramenti hii Mpako wa Mwisho. Hata hivyo, jina hilo halikuwapo mwanzo. Barua ya Yakobo, sura ya tano, inamtaka mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Anayeita ni mgonjwa mwenyewe, si ndugu wanaoandaa sanda. Mwaka 416 Papa Inosenti wa Kwanza aliandika kwamba waamini wenyewe waliweza kuyatumia mafuta yaliyobarikiwa na askofu kwa mahitaji yao na ya watu wao. Katika Zama za Kati mambo yakageuka. Mpako ulifungamanishwa na toba nzito ya mwisho wa maisha, na kukazuka imani kwamba aliyepakwa kisha akapona hana ruhusa tena ya kula nyama wala kulala na mwenzi wake. Nani angemwita padre mapema kwa masharti hayo? Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulipokuwa unaandaa fundisho lake, rasimu ya kwanza ilisema mpako ni kwa walio kufani tu. Mababa wakaliondoa hilo "tu" wakaandika "hasa". Neno moja likauacha mlango wazi kwa miaka 400. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963 ukapendekeza jina la Mpako wa Wagonjwa, na mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita akatoa utaratibu tunaoutumia leo.

Papa huyo aliruhusu pia kitu ambacho mkulima wa Njombe atakielewa haraka: mahali ambapo mafuta ya mzeituni hayapatikani, yatumike mengine yanayotokana na mmea. Alizeti, kwa mfano. Askofu huyabariki katika Misa ya Krisma, wakati wa Juma Kuu, kisha kila parokia hubeba sehemu yake. Kichupa nilichokiona siku ile kilikuwa cha chuma, kifupi kuliko betri ya tochi, kimechongwa herufi O na I, za maneno ya Kilatini yenye maana ya mafuta ya wagonjwa. Ndani yake kulikuwa na pamba iliyoloa, maana mafuta yakiwa matupu yangemwagika yote kwa makorongo ya barabara yetu. Padre alimwekea bibi mikono kichwani bila kusema neno, kimya kirefu kidogo, halafu akabonyeza dole gumba kwenye pamba na kumpaka kwenye paji la uso na katika viganja. Viganja vya bibi vilikuwa na sugu za jembe. Mafuta yalikaa juu yake yanang'aa.

Sasa, je, yanaponya? Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyojua. Aliyetoka salama kwenye basi lililopinduka pale mteremkoni tunasema amepona, ingawa hakuwa mgonjwa. Neno hilohilo hubeba kuondokewa na homa na kuokolewa kwenye maangamizi. Kigiriki cha Yakobo kinafanya vilevile: kitenzi alichotumia, sozo, ni kuokoa na ni kuponya. Kanisa halijawahi kuzitenganisha maana hizo mbili. Linaomba mwili upate nafuu, na mara nyingine hupata. Linaomba pia mtu atoke kwenye hofu, uchungu na aibu, asamehewe dhambi hata akiwa hawezi tena kuziungama. Lile la kwanza hatuahidiwi kila mara. Hili la pili ndilo kiini cha sakramenti.

Ndiyo maana nina wasiwasi na namna tunavyosema "kumtumaini Mungu". Nyumba nyingi za Wakatoliki zina picha ile ya Yesu mwenye miali miwili, mwekundu na mweupe, na maandishi ya kumtumainia. Ilitokana na maono ya Sista Faustina Kowalska wa Poland, mwaka 1931. Alifariki mwaka 1938 akiwa na miaka 33, kwa kifua kikuu. Tafakari hapo: mtume wa Huruma ya Mungu hakuponywa mapafu yake. Mwaka 1959 Roma ilizuia kuenezwa kwa ibada hiyo, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya tafsiri mbovu za maandishi yake, ikaja kuiruhusu mwaka 1978. Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000. Watu wanaosali Rozari ya Huruma saa tisa alasiri hawapendi nikiwakumbusha ile miaka 19 ya kungoja, lakini mimi huiona kama sehemu ya mafundisho yenyewe. Kutumaini si kutarajia. Anayetarajia anakuwa na tarehe na kiasi, kama mtu anayedai. Anayetumaini ameegemea.

Jimbo la Njombe, lililoundwa mwaka 1968, lina simulizi yake katika jambo hili la kutafuta uponyaji. Padre Felician Nkwera alikuwa padre wa jimbo hili alipoanza huduma yake ya maombezi ya uponyaji chini ya Bikira Maria, ambayo baadaye ilijikita Ubungo, Dar es Salaam, na kuingia katika mgogoro wa miaka mingi na maaskofu. Sina haja ya kuhukumu nyoyo za waliomfuata. Wengi walikuwa wagonjwa waliochoka. Kuchoka huko hakuna dhehebu. Mwaka 2011 ndiko kulikowapeleka Watanzania kwa malaki Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, na wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa.

Kwetu kuacha dawa si jambo la mazungumzo ya kijiweni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Katika kila kigango kuna watu wanaomeza dawa za kufubaza virusi kila usiku, wengine wamezificha kwenye kopo la majani ya chai. Wakiambiwa kwamba imani ya kweli haiendi na vidonge, wanaachwa kati ya Mungu na CTC, kliniki wanakochukulia dawa hizo, kana kwamba ni mahasimu. Mwongozo wa Roma wa tarehe 14 Septemba 2000 kuhusu sala za kuomba uponyaji unataka zisiwe na jazba, maonyesho wala mambo ya kustaajabisha watu, tena zisimamiwe na askofu. Na Kanisa hilohilo linaloombea wagonjwa ndilo lenye hospitali ya Wakonsolata pale Ikonda, Makete, ambako watu hukesha njiani kutoka mikoa mingine ili wamwone daktari. Sijawahi kusikia padre akiwaambia wanaopanga foleni pale kwamba wamekosa imani.

Tena kuna lile la aibu. Mwenye VVU mara nyingi ameshajihukumu kabla hatujafika: ugonjwa wake ni malipo. Wanafunzi wa Yesu walikuwa na hesabu hiyohiyo juu ya yule kipofu wa Injili ya Yohane, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa hesabu nzima. Mgonjwa wa namna hii anahitaji mpako akiwa bado anatembea. Sheria ya Kanisa haimtaki awe mahututi. Yatosha awe ameanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa anastahili pia. Naye aliyepona akaugua tena, au hali ikazidi kuwa mbaya, hupakwa tena.

Bibi wa Mahongole alipakwa tena mwaka uliofuata, ugonjwa wa moyo ulipomzidia. Pikipiki ilisimama uwanjani palepale. Jirani alikuja, na mikononi alikuwa na chupa ya uji.