USHAIRI SI ADHABU: JINSI YA KUUSOMA MPAKA UKAUPENDA

Katika darasa letu la kidato cha tatu, mwalimu akitangaza kwamba kipindi ni cha ushairi, utasikia watu wakiguna kutoka dawati la mbele mpaka la nyuma. Wengi husema ushairi ni mali ya watu wa Pwani, na sisi wa Satellite na Kawangware tuachiwe Sheng yetu. Wengine hulisoma shairi kwa ajili ya karatasi ya tatu ya mtihani tu, halafu basi. La hasha! Ushairi ni wetu sote, na nitaeleza jinsi mtu anavyoweza kuusoma mpaka akaufurahia.

Kwanza kabisa, shairi lisomwe kwa sauti. Tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, kwa kawaida huwa na mizani kumi na sita katika kila mshororo: nane ukwapi na nane utao. Tazama mshororo huu niliojitungia: "Asubuhi matopeni, naelekea shuleni." Hesabu kwa vidole: a-su-bu-hi ma-to-pe-ni, ni nane. Na-e-le-ke-a shu-le-ni, ni nane tena. Katikati unavuta pumzi, na kina cha "ni" kinakujia mara mbili kama ngoma. Ukisoma kimyakimya hutaisikia ngoma hiyo. Na tusidanganyane kwamba vina hatuvipendi. Kalamashaka, vijana wa Dandora, walipoimba "Tafsiri Hii" katika miaka ya tisini, watu walivutiwa na maneno yaliyopangwa yakapangika. Ndani ya matatu kila siku tunatikisa vichwa kwa sababu ya vina!

Pili, kabla ya kutafuta bahari na tamathali, jiulize maswali matatu: Nani anasema? Anamwambia nani? Ana shida gani? Ukipata majibu, nusu ya kazi imekwisha.

Tatu, usiogope maneno magumu. Mengine ni ya lahaja. Kwa Kimvita, "ndia" ni njia, "mato" ni macho, na "ndoo" ni njoo, kwa hivyo ukiitwa hivyo huko Mombasa usikimbilie kuteka maji! Mengine yamefupishwa ili mizani itoshe, kama "nambie" badala ya "niambie". Hiyo ndiyo inkisari. Pengine maneno hugeuzwa mpangilio, "changu kitabu" badala ya "kitabu changu", na huko ndiko kuboronga sarufi. Ukishajua kwamba mshairi ana ruhusa hiyo, hutashangaa tena. Yaliyobaki, kamusi ipo.

Nne, chagua shairi linalogusa maisha yako. Wanaodhani washairi wote ni wa Pwani wamtazame Wallah bin Wallah, ambaye diwani yake inaitwa Malenga wa Ziwa Kuu. Hilo ni ziwa letu la bara, si Bahari ya Hindi. Naye Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kisiwani Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka wa 1974, akatunga mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Kwa hivyo anayechoshwa na kuhesabu silabi hana kisingizio.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Abdilatif Abdalla. Kijana huyu wa Mombasa aliandika karatasi ya kisiasa, Kenya: Twendapi?, mwaka wa 1968. Mwaka uliofuata alifungwa miaka mitatu, na sehemu ya kifungo hicho aliitumikia Kamiti, mahali ambapo si mbali na hapa kwetu. Akiwa peke yake, alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za msalani. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Jamani, mtu aliyenyimwa hata karatasi ya kuandikia alihesabu mizani yake ikatimia!

Jambo hili nililielewa vizuri mwaka jana, wakati rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alipoacha shule kwa kukosa karo. Nilikuwa na uchungu ambao sikujua niuseme vipi. Niliposoma mashairi ya mtu aliyefungiwa, niliona kwamba dhiki inaweza kupangwa ikasemeka bila kupiga kelele. Nilimnakilia rafiki yangu shairi moja nikampelekea. Hakurudi shuleni, lakini tukikutana Naivasha Road huniuliza, "Umeleta lingine?"

Mwisho, sisi wa shule ya kutwa tuna faida moja. Nyumbani kwetu chumba ni kimoja, redio ya jirani inalia, na watoto wanacheza mlangoni. Riwaya inataka utulivu wa saa nzima, lakini shairi hutoshea katika dakika tano, hata ukingojea chai ichemke. Nakili shairi moja kila wiki katika daftari. Kufikia mwisho wa muhula utakuwa na diwani yako mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi mwenzangu, siku mwalimu akisema ni ushairi, usigune. Simama usome kwa sauti, nasi tutakusikiliza. Nawatakia usomaji mwema.