Kadi ya Sauti, Kontrola na Diski: Mambo ya Kuzingatia Unaponunua Vifaa vya Kupigia Muziki kwa Kompyuta Mpakato

Katika kumbi nyingi za sherehe nchini, kompyuta mpakato imechukua nafasi ya masanduku ya kanda na CD. Mabadiliko hayo yamewafungulia vijana wengi mlango wa kujiajiri, lakini pia yamewaingiza katika soko ambamo kifaa cha kuchezea na kifaa cha kazi hufanana kwa umbo na huwekwa kwenye rafu moja. Mlaji anayenunua kifaa kisichofaa hapotezi fedha zake tu. DJ aliyekwisha kupokea malipo ya awali ya harusi anawajibika kwa familia mbili ambazo haziwezi kuirudia siku hiyo, na sauti ikikatika wakati maharusi wanaingia ukumbini, hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayomwokoa.

Makala hii haikusudii kupendekeza chapa yoyote. Inaeleza namna vifaa vitatu vinavyofanya kazi, ili mnunuzi aweze kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutoa fedha.

Kadi ya sauti

Kompyuta mpakato karibu zote zina kadi ya sauti ndani yake, na ni haki ya mnunuzi kuuliza kwa nini anunue nyingine. Sababu ya kwanza ni idadi ya njia za kutolea sauti. DJ huhitaji kuusikia wimbo unaofuata kwenye hedifoni wakati hadhira inausikiliza wimbo unaoendelea. Hizo ni sauti mbili tofauti, na kila moja ina upande wa kushoto na wa kulia. Kwa hiyo kadi inapaswa kuwa na njia nne. Tundu la hedifoni la kompyuta lina mbili tu. Upo waya wa kugawanya njia hizo, upande mmoja ukaenda kwenye spika na wa pili kwenye hedifoni. Kwa mazoezi ya nyumbani waya huo unatosha, na mwanafunzi hana sababu ya kuona haya kuutumia. Ukumbini, hata hivyo, hadhira itasikia muziki usio na mgawanyo wa kushoto na kulia.

Hapa ndipo mnunuzi anaweza kupotoshwa kwa urahisi. Madukani vimo vijisanduku vya USB, vikubwa kidogo tu kuliko flashi, vilivyoandikwa “7.1” kwenye ganda. Namba hiyo humfanya mtu aamini kwamba anapata njia nane za sauti. Vingi kati ya hivyo vina tundu moja la hedifoni na moja la maikrofoni, na sauti inayotoka ni ya njia mbili, sawa na ile ya kompyuta yenyewe, hiyo “7.1” ni mwigo unaotengenezwa na programu. Hesabu matundu, usisome boksi pekee. Njia ya uhakika zaidi ni kwenda dukani na kompyuta yako, kuchomeka kadi, kisha kufungua mipangilio ya sauti katika programu yako ya DJ. Kadi inayofaa itaonyesha jozi mbili za kutolea sauti, yaani 1 na 2, kisha 3 na 4. Ikionyesha jozi moja, irudishe rafuni.

Sababu ya pili ni uchelewaji. Kompyuta hukusanya sauti katika mafungu madogo ya sampuli kabla ya kuitoa. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 256 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 6, na fungu la 1,024 kwa milisekunde 23. Kadi duni hulazimisha fungu kubwa zaidi; ukilipunguza, sauti hukwaruza au hukatika. Anayepiga nyimbo zenye mapigo 100 kwa dakika ana milisekunde 600 kati ya pigo na pigo, na anaweza kuvumilia uchelewaji wa 50. Anayepiga singeli yenye mapigo 200 au zaidi ana milisekunde 300 au pungufu, na kwake uchelewaji huo ni moja ya sita ya pigo zima. Mikono yake itakuwa daima nyuma ya masikio yake.

Kwa watumiaji wa Windows, uliza kama kadi ina programu kiendeshi yake ya ASIO, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ili programu za muziki ziwasiliane na kadi kwa njia ya mkato. Kompyuta za Apple zina utaratibu wake wa Core Audio na hazihitaji ASIO. Anayenunua kadi iliyotumika achunguze jambo moja zaidi: je, mtengenezaji bado anatoa programu kiendeshi kwa toleo la mfumo lililomo katika kompyuta yake? Kadi nzima isiyo na mtambo wa dhahiri ulioharibika inaweza kuwa haina kazi kwa sababu hiyo pekee, na muuzaji huenda asilitaje jambo hilo.

Kuhusu sifa za biti 24 na kilohezi 96 au 192 ambazo hupamba maboksi, mnunuzi asilipe fedha nyingi kwa ajili yake. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, na faili la MP3 haliwi bora kwa kupitishwa kwenye kilohezi 192. Afadhali fedha hizo zinunue matundu imara. Kadi yenye matundu ya XLR au jeki kubwa za milimita 6.35 zenye nyaya zilizosawazishwa hustahimili waya mrefu hadi kwenye amplifaya bila kuokota mvumo, jambo ambalo matundu madogo ya RCA hayaliwezi vizuri.

Mvumo wenyewe unastahili neno. Ukisikia sauti ya kuguruma kwenye spika, chomoa chaja ya kompyuta kwa muda. Mvumo ukitoweka, chanzo chake ni mzunguko wa umeme kupitia nyaya za ardhi, nayo kadi haina kosa. Tiba ni nyaya zilizosawazishwa au kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha mawimbi ya sauti. Kukata au kuacha waya wa ardhi wa amplifaya, kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, huondoa mvumo na kuacha hatari ya kifo kwa yeyote atakayeshika maikrofoni.

Kontrola

Kontrola ni ubao wenye magurudumu, vitelezi na vitufe. Kwa kawaida haichezi muziki. Hupeleka amri kwa programu, mara nyingi kwa lugha ya MIDI iliyoanza kutumika mwaka 1983. Swali la kwanza kwa muuzaji ni kama kontrola ina kadi ya sauti ndani yake. Nyingi zinayo, na mwenye kontrola ya namna hiyo hahitaji kununua kadi ya pembeni. Nyingine, hasa za bei ya chini, hazina, na kwa kuzitazama kutoka juu huwezi kutofautisha. Geuza upande wa nyuma: kontrola isiyo na tundu la spika wala la hedifoni ni rimoti tu.

Swali la pili ni programu. Baadhi ya kontrola hufungua toleo kamili la programu fulani, nyingine hufungua toleo pungufu ambalo baadaye hudai malipo ya mwezi. Ipo pia Mixxx, ambayo ni ya bure kabisa na hutambua kontrola nyingi. Ujumlishe gharama ya leseni kabla ya kulinganisha bei za maduka.

Kontrola ndogo huchukua umeme kutoka kompyuta. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, na la USB 3.0 hadi 900. Ukichomeka kontrola, diski na kipanya kwenye kigawanyio kimoja kisicho na umeme wake, taa zitafifia au kontrola itajitoa katikati ya wimbo. Kontrola ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Zima pia mpangilio wa Windows unaopumzisha matundu ya USB ili kuokoa betri.

Diski ya nyimbo

Wimbo wa dakika nne wa MP3 wa kilobiti 320 huchukua takriban megabaiti 9.6, wimbo huo huo katika WAV huchukua takriban 42. Nyimbo 10,000 ni karibu gigabaiti 96 kwa MP3 na 423 kwa WAV. Wengi, basi, hawahitaji terabaiti kadhaa wanazouziwa. Diski ya SSD ya gigabaiti 500 inamtosha DJ wa kawaida, na kwa kuwa haina sehemu zinazozunguka, mtikisiko wa spika za besi na safari za bodaboda haviidhuru kama diski ya sahani. Usishtuke kompyuta ikionyesha 465 badala ya 500, au 931 badala ya terabaiti 1. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu.

Udanganyifu wa kweli ni mwingine. Zipo flashi na diski bandia zilizoandikwa terabaiti 1 au 2, ilhali ndani zina gigabaiti 32. Kijiubongo cha diski kimepangwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Mnunuzi hunakili nyimbo 20 dukani na zote hucheza. Hunakili 3,000 nyumbani, nazo hucheza. Baada ya takriban 3,300 nafasi halisi imekwisha, lakini diski huendelea kupokea: majina ya mafaili huonekana, ukubwa huonekana, na ndani hamna kitu, au nyimbo za zamani zimeandikwa juu yake. Mwenye mali hugundua siku atakapoufungua wimbo ulioombwa na mama wa bwana harusi.

Programu za bure za H2testw kwa Windows, na F3 kwa Linux na Apple, huijaza diski yote na kuisoma upya. Kwa diski inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde, kuijaza terabaiti 1 huchukua takriban saa 14, kwa hiyo jaribio hili haliwezekani dukani. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti ukubwa wa diski na siku ulizopewa za kuirudisha. Anayekataa kuandika ukubwa wa bidhaa anayoiuza amekwisha kukujibu.

Kwa diski iliyotumika, programu ya CrystalDiskInfo huonyesha hali yake na, kwa diski nyingi, saa ilizofanya kazi.

Nunua diski mbili ndogo badala ya moja kubwa, na ya pili isafiri katika mfuko tofauti. Unaponakili, chukua pia folda ambamo programu yako huhifadhi orodha na alama za nyimbo, vinginevyo utabaki na nyimbo zisizo na mpangilio. Na upangie diski herufi ya kudumu katika Windows, kwani herufi ikibadilika kutoka E kwenda F, programu inaweza kudai kwamba nyimbo zote zimepotea.

Haki yako dukani

Mweleze muuzaji matumizi yako waziwazi: “Ninataka kadi ya kupigia muziki ukumbini, yenye sauti ya hedifoni tofauti na ya spika.” Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara matumizi hayo na kutegemea ujuzi wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Dai risiti ya EFD yenye jina na namba ya toleo la kifaa, si neno “vifaa” pekee. Tunza boksi, na upige picha ya maandishi yaliyopo juu yake. Muuzaji akikataa kurekebisha, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani ukiambatisha risiti, picha hizo na, kwa diski, matokeo ya jaribio yakionyesha ukubwa ulioandikwa na ule uliopatikana.